Waliniambia Mama Mkubwa Amekufa

Wewe unayenisoma, nichukulie kama mtu aliyekaa nawe jamvini, anakusimulia taratibu, na ukitaka kumkatiza umuulize swali, uliza. Nitakueleza ugonjwa ulionishika utotoni, jinsi ulivyonifikisha karibu na kaburi, na jinsi nilivyorudi. Nimeusikia ukielezwa na watu wengi. Wako waliosema nilikuwa na pepo. Wako waliosema nilidekezwa mno. Nayakataa yote mawili. Mwili ulikuwa wangu, na ninajua kilichoniuma.

Jina langu Somoe. Nilizaliwa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Kwetu wakati ule, mtoto akiachishwa ziwa alitolewa kwenye nyumba ya mama yake. Titi lilipakwa shubiri, mtoto akalia, kisha akapelekwa kwa bibi au kwa mama mkubwa ili asahau kunyonya. Wengi walikaa huko muda mfupi wakarudishwa. Mimi nilikaa sana. Baba yangu, Issa, alipata kazi Mtwara wakati gati lilipokuwa linajengwa, akahamia mtaa wa Magomeni huko huko pamoja na mama yangu, Zainabu, aliyekuwa na mimba nyingine. Nikabaki kwa dada yake mama, Esha.

Mama mkubwa Esha hakujaliwa kuzaa. Watu husema alinipenda kama mwanawe. Mimi hiyo "kama" sijui ni ya nini.

Tulilima mpunga bondeni. Mpunga ukianza kuzaa tulihamia shambani, tukakaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, tufukuze ndege na viboko. Alinifunga mgongoni kwa kaniki yake hata nilipokuwa mkubwa kiasi cha miguu yangu kumpiga magotini. Wanawake wenzake walimcheka.

"Esha, huyo mtoto mwaka kesho atakubeba yeye."

"Ndiyo namfundisha kubeba," akawajibu, akaendelea kupalilia.

Ukitaka kujua moyo wa mtoto uko kwa nani, subiri aanguke. Tazama anamtafuta nani kwa macho kabla hajalia. Mimi nikianguka sikulia kwanza. Nilimtafuta mama mkubwa, nikimwona ndipo nikalia. Asipokuwepo niliinuka, nikajikung'uta, nikaenda na kilio changu mpaka nimpate.

Nilikuwa sijang'oka jino hata moja baba alipokuja kunichukua. Ilikuwa kiangazi. Aliniletea gauni jekundu, na alikuja kwa nia njema. Alitaka nikae na wadogo zangu, na baadaye nisome. Mjomba Bakari, kaka yao mama na mama mkubwa, alikubali, na kwetu neno la watoto lilikuwa la mjomba. Kisha wakafanya kama walivyozoea kufanya watu wote. Mama mkubwa aliambiwa achukue mtungi aende kisimani, asirudi mpaka tuwe tumeondoka, kwa sababu mtoto akiagwa hulia.

Alikwenda. Nami nikashikwa mkono nikaongozwa njiani. Nilijua yuko kisimani, basi kila tulipopita mti wenye kivuli nilimwambia baba, "Tumsubiri hapa." Baba akasema, "Atatukuta mbele." Tulilala njiani. Asubuhi niliamka nikakuta hajatukuta.

Magomeni nilikuta nyumba nzuri, wadogo wawili, mama yangu ambaye nilimwita "yule mama", na bibi mzaa baba, aliyekuwa akiishi nao. Nililia. Walinipa miwa, nililia. Walinipa nazi iliyokunwa na sukari, nikala huku nalia. Siku moja bibi alichoka. Alinikalisha mbele yake, akanifuta makamasi kwa kanga yake, akasema kwa upole kabisa, "Esha amekufa, mjukuu wangu. Tumemzika. Basi, nyamaza."

Sitaki umchukie bibi. Hakuwa mtu mbaya. Kwao mtoto aliyehamishwa husahaulishwa: jina la mlezi wa kwanza halitajwi, nguo yenye harufu yake hufichwa, na akizidi kulia huambiwa amekufa, ili akate tamaa atulie. Nilitulia kweli. Nyumba nzima ikafurahi kwamba nimezoea. Kumbe kule kutulia ndiko kuugua kulikoanzia.

Kwanza nilianza kukojoa kitandani, mimi niliyekuwa nimeacha zamani. Kisha chakula kikakataa kushuka. Nilibeba tonge la ugali wa muhogo shavuni mpaka likachacha, mama akalitoa kwa kidole. Masika yalipoanza nikapata homa, ikaondoka, ikarudi. Nikaharisha maji yenye harufu ya yai viza. Miguu ikavimba, ukiibonyeza shimo linabaki. Nywele zangu zikawa nyekundu na laini kama za mahindi, zikang'oka zikabaki kwenye mkeka. Pembe za mdomo zikachanika. Sikucheza, sikusema. Inzi walitua machoni pangu na sikuwafukuza.

Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nikanyweshwa. Akaja mganga, akasema ni pepo wa mtoni, amenifuata kutoka Ruvuma. Nilifukizwa majani mpaka nikatapika. Mwisho baba alinibeba begani akanipeleka hospitali.

Ninawashukuru watu wa hospitali ile, nisingekuwa hai bila sindano zao. Walinitibu malaria. Walinipa dawa ya safura, minyoo ikatoka, mama aliiona. Homa ikashuka. Lakini sikula. Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyekuwa akisafisha vidonda vyangu, alinitazama asubuhi moja nikiwa nimegeukia ukuta, kisha akamgeukia mama.

"Mama, mtoto huyu dawa amepata. Sasa anahitaji kula. Nyumbani alizoea kulishwa na nani?"

"Hakukulia kwangu, bwana dresa. Alikulia kwa dada yangu."

"Dada yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi anafanya nini huko?"

Nilisikia. Sikuamini. Nilifikiri watu wazima wana uongo wao kwa wazima wenzao, na uongo mwingine kwa watoto.

Jioni baba na bibi walikuja kunitazama, na mama akawaambia anataka Esha aitwe. Bibi akasema, "Mnataka kumrudisha mtoto kwenye ziwa. Akimwona Esha, wewe hatakujua tena." Mama yangu alikuwa mwanamke mdogo wa umri na mwenye haya mbele ya mkwewe. Lakini siku ile alisema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo. "Mama, asinijue. Awe hai asinijue. Hiyo nitaivumilia."

Kesho yake baba alikwenda sokoni Chikongola, akamtafuta mtu wa Mahurunga aliyeleta mchele, akamtuma.

Mama mkubwa aliacha mpunga wake bondeni wakati viboko wanapotoka mtoni. Kila mtu alimwambia atakuta shamba limelala. Alisema, "Wale. Mwakani nitapanda tena," akapita kwenye maji ya mafuriko mpaka kifuani, kaniki yake kichwani.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo watu wengi hukosea. Unadhani nilipomwona niliruka nikamkumbatia. Sikuruka. Aliingia wodini, akasema, "Somoe, mwanangu," nami nikageuza uso ukutani. Alikuwa ameniacha, kisha akafa, sasa amerudi kana kwamba si kitu. Bibi, aliyekuwa amekaa na mama, akasema, "Mmeona? Amekwisha kumsahau."

Mama mkubwa hakunivuta. Hakunibembeleza. Alikaa sakafuni kando ya kitanda changu, akanipa mgongo, akafungua kifurushi cha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, akawa anamenya na kuzungumza na mama habari za nyumbani. Nani ameolewa. Mbuzi gani amepotea. Harufu ya ming'oko na ya kaniki iliyolowa ikapanda mpaka puani kwangu. Nilijivuta mpaka ukingoni. Mkono wake ulikuwa karibu na mdomo wangu. Nikaung'ata kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo.

Alipiga ukelele, dresa akaja mbio. Mama mkubwa akamwambia, "Mwache, bwana." Kisha akanigeukia, machozi yanamtoka, akanionyesha alama za meno. "Umeona? Ningekuwa maiti ningepiga kelele hivi?"

Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu bibi aliponifuta makamasi. Nililia mpaka nikatapika, nikajinyea, na yeye akanisafisha. Kisha nikala kipande cha mng'oko kidogo kama ukucha.

Usifikiri nilipona siku ile. Kwa muda mrefu nilikula kidogo nikatapika. Akienda chooni nililia nikiamini amekufa tena. Nilimpiga. Nilimwambia maneno mabaya niliyoyasikia kwa watoto wa mtaani, akayasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua. Uvimbe ukashuka pole pole, nikabaki mifupa, kisha mifupa ikaanza kupata nyama.

Tuliporudi Magomeni baba alitaka mama mkubwa aondoke mara moja. "Shemeji, umetusaidia, lakini ukikaa, mtoto hatazoea."

Mama mkubwa akamjibu, "Shemeji, mlimzoesha mara ya kwanza, akafika hospitali."

Mjomba Bakari akaitwa. Alikuja na matope ya safari mpaka magotini, akakaa, akanitazama, akauliza kama bado navimba. Kisha akasema Esha atakaa Magomeni mpaka wakati wa kuvuna, na asiingiliwe na mtu.

Kwa hiyo walinilea wawili. Mama mkubwa alikuwa akimega tonge, analichovya kwenye kisamvu, lakini hanipi. Anampa mama, mama ndiye ananipa. Mwanzoni nilifunga mdomo. Mama mkubwa akasema, "Mkono ni wa mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja." Nikafungua. Wakaniogesha pamoja. Nikianguka, mama mkubwa alibaki amekaa, akasema, "Zainabu, mwanao." Mama akaja kuniinua. Siku moja nilianguka uani, nikajikuta nimemtafuta mama kwa macho. Mama mkubwa aliona. Alitazama pembeni, akaokota kuni ambazo hazikuhitaji kuokotwa. Ilimuuma, na aliifanya kwa hiari yake.

Siku ya kuondoka kwake ikafika. Bibi akatoa shauri lake la zamani kwamba mimi nipelekwe dukani, naye apite njia ya nyuma. Mama mkubwa akasema, "Sitamtoroka tena. Safari hii atauona mgongo wangu."

Alinikalisha mapajani mbele ya watu wote. Akaniambia, "Ninakwenda Mahurunga kuvuna mpunga, kama viboko wameniachia. Mpunga ukiingia ghalani nitakuja. Sijafa. Ninakwenda na ninarudi. Sasa lia."

Nililia sana. Mama alinishika, akanibeba mgongoni, akamsindikiza dada yake mpaka nje ya mji nikiwa bado nalia. Bibi alikaa akisubiri homa. Homa haikuja. Usiku ule nilikula wali na kulala. Na mpunga ulipoingia ghalani, gunia moja tu, mama mkubwa alitokea mlangoni. Nilimkimbilia, kisha nikarudi mbio kumwita mama aje amwone. Kwangu hapo ndipo nilipopona. Sindano zilinitoa kifoni, nami nazishukuru. Lakini kilichoniponya ni mtu kuondoka mbele ya macho yangu na kurudi wakati aliousema.

Mpaka miaka ya sitini inakwisha nilikuwa nimeolewa, nina mwanangu wa kwanza. Ulipofika wakati wa kumwachisha ziwa, wazee wa mume wangu wakaleta shubiri na kufunga mizigo ya mtoto. Nikasema hapana. Walisema nina kiburi cha mjini. Nikasema ndiyo, kiburi ninacho, kaeni niwaeleze kilikotoka. Niliwaeleza kama ninavyokueleza wewe. Mwanangu alikwenda kwa bibi yake baadaye, nami nikaenda naye, nikakaa, nikaondoka akiniona, nikarudi. Alikuwa mnene na mwenye kelele.

Sikuambii ugonjwa haukuniachia kitu. Mpaka leo mtu wangu akichelewa kurudi, kifua kinabana na chakula kinanishinda. Lakini sasa ninajua ni nini. Najiambia amekwenda, hajafa, na ninasubiri nikiwa nimekaa, si nimelala. Wanaoniuliza mama yangu wa kweli ni yupi huwajibu wote wawili, na asiyeridhika na jibu hilo nimemwachia shida yake.

Nawashukuru mama yangu aliyekubali nisimjue, mama mkubwa aliyewaachia viboko chakula chake, dresa aliyeuliza, na Mungu aliyewakusanya kando ya kitanda kimoja.

Nawe, kesho ukitoka nyumbani ukamwacha mtoto mdogo, usipite mlango wa nyuma. Piga magoti, mwambie unakwenda wapi na utarudi lini, mwache alie, kisha urudi wakati huo huo uliomwambia.