Kitambaa cha Kompyuta ya Wanjugu

Watu wa Uthiru walimcheka dada yangu Wanjugu kwa sababu ya vitambaa vyake. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, na mwaka wa 2007 aliponunua kompyuta, nayo akaifumia chake kwa kipimo, kikaifunika kichwani na kushuka mgongoni mpaka pale nyaya zinapoingia. Wacheke tu. Mimi namjua huyo mwanamke, na nitajivunia kuwa dada yake mpaka nizikwe.

Wanjugu ni mwalimu wa kemia, na mwaka huo alipewa kazi ya kutunga mock ya wilaya, mtihani wa majaribio. Karatasi hiyo ikivuja, jina lake limekwisha. Kwa hivyo kompyuta aliilinda kama yai. Intaneti aliichomoa. Diski ya mtu hakuitia. Alikuwa amesoma habari za programu za kijasusi zinazojificha ndani ya mashine na kunakili kila herufi unayobonyeza, na alizisaka kila jioni kabla ya kuandika swali lolote.

Sasa, Jumapili moja akaja kaka yetu mkubwa, Kiarie, aliyetulea baba alipofariki. Kiarie ana kituo cha tuisheni kule Kangemi. Akasema printa ya Wanjugu inapiga kelele, wacha aitazame, na dada akaenda jikoni kupika chai. Nani atamshuku kaka yake?

Siku ya kufua vitambaa ilipofika, cha kompyuta kikakataa kukaa mahali pake. Kilibenuka kwa nyuma. Wanjugu akachungulia, akaona kidude cheusi, kidogo kama kidole, kimechomekwa kati ya waya wa kibodi na mashine. Akaketi sakafuni akalia, kisha akanipigia simu. Kidude kama hicho hakihitaji programu wala intaneti. Kinahifadhi yote unayoandika, mpaka mwenyewe aje akichukue.

Alikichomoa, akabadilisha nywila zote, akafuta mtihani mzima uliokuwa karibu kumalizika, akaanza upya swali la kwanza.

Kiarie aliporudi, eti kuulizia printa, nilikuwepo. Wanjugu alimpa chai, akaweka kile kidude kando ya kikombe. Kiarie hakukana. Alisema alitaka kuwasaidia watoto wa familia, akanigeukia mimi, kwani mwanangu Kiragu alikuwa anafanya mtihani huo huo na kemia ilikuwa imemlemea. Nisikufiche neno. Nilitamani dada akubali.

“Kaka,” Wanjugu akasema, “ukitaka ninachoandika, niombe. Nikunyime nikikutazama machoni.”

Kiarie aliondoka bila kumaliza chai. Dada hakumwita arudi. Huyo ndiye aliyemnunulia sare ya shule, na bado hakumwita.

Matokeo yalipotoka, Kiragu alikuwa na C ya kemia. Jirani yetu Nanjala, ambaye hakosi la kusema, akaniuliza inakuwaje mtoto apate C na kumbe aliyetunga mtihani ni mama yake mdogo. Alidhani nitaona haya. Mimi huyo, kifua mbele.

“Amepata C,” nikamwambia, “kwa sababu aliyetunga mtihani ni mama yake mdogo.”