Shangazi na Kinubi cha Babu

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, nje kidogo ya Malaba, nikakuta ua tuliochezea umegeuzwa maegesho ya malori. Nilisimama nikitafuta mahali palipokuwa na mlango wa jikoni, na aliyenijia akilini hakuwa mama wala nyanya. Alikuwa shangazi.

Miaka ile ya sitini, adeudeu, kinubi chetu Wateso, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke alipika pombe ya wimbi, akapiga vigelegele, basi. Lakini babu alikuwa amemfundisha shangazi tangu utotoni, kwa siri, nyuma ya ghala. Ndoa yake ilipovunjika akarudi nyumbani, na jioni moja akakaa mbele ya wanywaji, akapiga. Wazee wakaacha mirija yao kwenye chungu, wakacheka. Haukupita muda, watu wakawa wanavuka mto kutoka Uganda kuja kumsikiliza.

Mtetezi wake alikuwa baba, kaka yake. "Piga, dada. Wa kukucheka aje kwangu." Wakaunda kikundi cha muziki, na mwalimu wa shule yetu alipokialika Amagoro kutumbuiza wageni wa serikali, shangazi alitunga wimbo mpya, akamfundisha kila mmoja, na baba akajifunza hadi kuupiga mwenyewe. Sisi watoto tuliuimba tukimenya karanga za safari.

Uwanjani, watu walipokwisha kujaa, baba alimshika bega. Nilikuwa karibu, nimebeba mkeka wa shangazi.

"Dada, nipe hicho kinubi. Leo kaa na akina mama."

"Nani amesema?"

"Wakubwa hawataki mwanamke mbele."

"Mwalimu ndiye alitualika, na yuko pale. Niende nimuulize?"

Baba akatazama chini. Shangazi akampa kinubi. "Ungeniambia nyumbani," akasema, basi.

Baba alipiga, akashangiliwa, akaitwa mtunzi. Hakukanusha. Kesho yake shangazi alifunga nguo zake, akahamia Tororo, akawa anauza samaki wakavu.

Babu alipofariki alikuja, akaketi na wanawake. Mbele ya waombolezaji wote, baba alimnyooshea kinubi.

"Piga wewe," shangazi alimwambia. "Si wimbo ni wako?"

Sasa wote wawili hawapo, na kinubi kililiwa na mchwa. Baba aliupiga wimbo ule miaka mingi, kwa hiyo nauweza wote, kama alivyoupiga yeye. Jinsi alivyoupiga shangazi imenitoka kabisa, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.