Siku Koko Aliponipa Kibuyu

Moshi wa mtamaiyu ukinipitia puani, hata leo, narudi Kajiado, jikoni kwa Koko, mama mzaa mama yangu. Kila asubuhi alitia kijinga cha mti huo ndani ya kibuyu, akakisugua kwa ufagio wa mkia wa ng'ombe mpaka kikawa cheusi ndani. Maziwa yaliyolala humo yalikuwa na ladha ya moshi, nami nilidhani maziwa yote duniani yana ladha hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nguo Kitengela, na hakukuwa na wa kukaa nami katika chumba chetu cha Noonkopir, mtaa wa huko huko, kwa hiyo nikapelekwa kwa Koko muhula mzima. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kibaya. Mjomba alikuwa amehama na mifugo kutafuta majani, akamwachia mamake ng'ombe mmoja tu, na upepo ulituletea vumbi na uvundo wa mizoga hadi kwenye chai. Nikitoka shule nilimwinamishia Koko kichwa, kama tunavyowasalimu wakubwa, naye akaniwekea kiganja chake cha kulia utosini. Kilikuwa kizito na kikavu, na nilikipenda kuliko kitu chochote.

Asubuhi moja alinisukumia kibuyu na ule ufagio. "Kuanzia leo hii kibuyu ni yako," akasema. "Mimi niko na kazi ingine." Kichwa kilinivimba. Kibuyu ni cha mwenye nyumba, hakiachiwi mtoto, na binamu zangu wakubwa walikuwa hawajawahi hata kukishika. Wiki chache baadaye akaniachia kukamua, halafu kuni, halafu shanga alizokuwa akitunga kwa ajili ya kuuza sokoni. Jumapili mama alipopiga simu kwa jirani, nilijigamba mpaka pumzi ikaniishia. Mama alicheka sana. "Kwani sasa wewe ndiyo mama wa boma? Mwambie Koko asikuzoeshe vibaya." Yeye alizaliwa katika boma lile lile, na alijua vizuri kuliko mimi kwamba mwanamke hatoi kibuyu chake mkono ukiwa bado una nguvu. Lakini alikuwa amekaa mjini miaka mingi, akinywa maziwa ya dukani, na siku ile alisahau. Sijawahi kumlaumu mbele yake. Moyoni nimemlaumu, nikajilaumu na mimi.

Kwa sababu mimi niliona. Niliona kiganja kilichonigusa utosini kimekuwa cha kushoto, na mkono wa kulia umefichwa ndani ya shuka hata jua likiwa kali. Nilipouliza, Koko alisema umechoka, hata mkono huchoka. Nikaridhika, maana mkono ukipona angenipokonya kibuyu. Hilo ndilo neno ninaloona aibu kuliandika.

Mvua iliponyesha mjomba alirudi, akamkuta mamake hawezi kuinuka. Hospitalini muuguzi alifungua shuka. Mkono ulikuwa umevimba tangu begani, na titi lilikuwa kidonda kitupu. "Hii kitu ilianza lini?" akauliza. Mama alikuwa amefika mbio kutoka kazini. "Sijui," akasema. "Mimi huwa niko Kitengela." Mjomba naye hakujua. Nilikuwa mlangoni nimekumbatia kibuyu cha maziwa ya mgonjwa, na jibu nilikuwa nalo: kitu hicho kilianza siku ile ya kibuyu. Hakuna aliyeniuliza. Koko alikufa kabla majani hayajafika magotini.

Leo kibuyu kile kimetundikwa ukutani kwangu Noonkopir, na wageni hukisifu. Hakinuki moshi tena. Kila mtu ana simu mfukoni, na kutoka hapa hadi Kajiado ni lami tupu. Mama alistaafu, akarudi kuishi kwenye boma la Koko. Jumapili iliyopita tulimtembelea, na binti yangu wa miaka minane akamkimbilia, akainamisha kichwa. Mama akamgusa utosini kwa mkono wa kushoto. Mtoto alicheka, akaenda kutafuta mbuzi. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa karibu na mama, nikamuuliza lile swali la muuguzi.