Mgomba wa Mvulana

Nilikuwa na miaka sita bibi alipoukata mgomba wangu kwa panga, na siku hiyohiyo nikawa mgeni nyumbani kwetu.

Kwetu ni Kyondo, mlimani, kwenye kahawa na migomba. Bibi, mama yake baba, alishika imani ya zamani: kondo la nyuma la msichana huzikwa chini ya mgomba wa ndizi za kupika, la mvulana chini ya mgomba wa ndizi za pombe. Mimi ni Mbambu, jina ambalo sisi Wakonzo humpa binti wa nne. Nilizaliwa mvua ikinyesha, na mkunga jirani akachimba kwa haraka palipokuwa na udongo laini, chini ya mgomba wa pombe. Mama alipopoteza mimba mbili baada yangu, kosa hilo likakumbukwa.

"Huyu amekalia kiti cha kaka yake," bibi alimwambia baba. "Mtoe, mvulana apate pa kupita."

"Ni mtoto tu, mama," mama yangu akasema.

"Wewe nyamaza. Wanne umeleta, na huyu wa mwisho ni mwizi."

Baba alitazama miguu yake. Kilabuni, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume wa kumrithi, walishazoea kumwuliza, "Hiyo kahawa unawalimia wakwe gani?"

Nikapelekwa Bwera kwa shangazi, muuza vitenge karibu na mpaka. Nilimwuliza nitarudi lini.

"Siku mama yako atazaa mwanaume. Omba Mungu, mutoto. Hata mimi niko naomba, maana unakula kama askari."

Nikaomba. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilimwomba Mungu mvulana.

Mama alikuja mara moja, siku ya soko, tumbo kubwa, miguu imevimba. Alimwambia shangazi kwamba daktari ametaka ajifungulie hospitali, lakini bibi amekataa. Bibi alitaka mtoto azaliwe nyumbani ili alizike kondo kwa mkono wake mwenyewe, lisikosewe tena. Shangazi aligombana na mama, akitaka aende hospitali; mama akawa ananisuka tu nywele.

"Nikimaliza hii," akaniambia, "nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe."

Wiki chache baadaye jirani yetu wa Kyondo, mwenye bodaboda, alisimama mlangoni, matope hadi magotini.

"Ni mvulana," alisema.

Nilipiga makofi. Nilikimbia ndani kufunga nguo zangu kwenye kitenge, na huko ndani nikasikia shangazi analia. Jirani hakuwa amemaliza. Mama alivuja damu tangu alfajiri. Wanaume walimbeba kwa machela kushuka mlima, na hawakumfikisha barabarani.

Neno la bibi lilitimia, na Kyondo wanalisimulia hivyo mpaka leo: msichana alitolewa, mvulana akaja. Bibi mwenyewe alikufa bila kulitaja jina la mama tena. Nadhani alijua.

Kaka yangu Baluku sasa yuko sekondari. Ni mpole, na shamba lote litakuwa lake. Juzi aliniuliza sauti ya mama ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa ndogo, yenye kukwaruza kidogo asubuhi. Sikumwambia kwamba siku aliyozaliwa, duniani kote hakuna aliyemfurahia kama mimi, na kwamba furaha ile bado sijaisamehe.