Kuku wa Njiani

Bwana wa bima hakuuliza habari za tairi. Alifika Mikumi kuchunguza ajali iliyosababishwa na tairi la mbele kupasuka, akaketi nasi sebuleni, akanywa chai, akamjulia hali mgonjwa, akaandika alichoandika, kisha akaondoka bila kulitaja tairi hata mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya tairi. Nilikuwa nimechora hata mchoro wa kona. Alipokwisha kwenda nilibaki nimeushika, nikijiuliza alikuwa amekuja kutafuta nini.

Mgonjwa alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, sebuleni kwa binti yake, jirani kabisa na barabara kuu, pale ambapo malori ya Iringa hubadili gia na kuvitetemesha vyombo kabatini. Nyonga yake ilikuwa imevunjika. Daktari alitueleza nje ya wodi, kwa sauti ya chini, kwamba mfupa haukuwa ukiunga mahali pake. Ulihitaji kufungwa vyuma Dar es Salaam, tena upesi. La sivyo ungejiunga vivyo hivyo ulivyo, na mguu ule usingembeba tena sawasawa. Gharama aliyoitaja haikuwa ya watu kama sisi. Hakukuwa na shamba wala ng'ombe wa kuuza aliyeikaribia. Ilibaki bima ya pikapu iliyopata ajali naye ndani.

Pikapu ilikuwa ya jirani yetu wa Kilosa, fundi mitambo wa shamba la mkonge, mjukuu wa mtu aliyeletwa huko zamani kukata mkonge huo huo. Shamba lilipouzwa, alipunguzwa kazini. Ilikuwa miaka ya soko huria, na kila aliyepunguzwa aliambiwa awe mfanyabiashara; naye kiinua mgongo chake akakigeuza gari lililotumika, lililoshushwa kutoka Japani likiwa bado na maandishi ya huko mlangoni. Hata bima, ambayo sote tulikua tukijua kuwa ni moja tu, ya serikali, sasa ilikuwa na makampuni mapya yenye ofisi zinazonukia rangi. Jirani alichagua mojawapo mjini Morogoro kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, karani wa pale alimpa kiti. Akakata bima ndogo, ya gari la matumizi binafsi. Maneno hayo mawili ya mwisho nilikuwa nimeyaona kwenye stika ya kioo cha mbele, nikayapita kama mtu apitavyo kibao cha duka.

Mimi nilikuwa nasomea shahada ya pili, juu ya udongo wa bonde la Mkondoa, na siku ya ajali nilikuwa nyuma ya pikapu pamoja na mifuko yangu ya sampuli. Nilitoka na mchubuko wa paji la uso na ugonjwa mwingine usioonekana: kila nilipofumba macho nilijikuta napanga upya mfuatano wa mambo, nani alisema nini, nani alipanda kwanza, mlio ulitangulia au mtikisiko. Kila nilipoupanga ulinijia tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndogo ilinitisha kuliko mlio wenyewe.

Bwana wa bima alikuwa mtu wa adabu. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usinione nimelala, ningekuinukia."

"Lala, mama, lala. Pole sana. Leo nimekuja kwa pole kwanza, kazi baadaye."

Alikuwa ameleta sukari iliyofungwa gazetini. Hadi leo sijui kama aliinunua kwa fedha yake au ya kampuni, na nimelifikiria swali hilo zaidi ya linavyostahili.

"Huyu aliyekubeba ni ndugu yenu?" akauliza, chai ikiwa imeshamiminwa.

"Si ndugu. Mtu mwema tu."

"Akakubeba hivi hivi?"

Shangazi akainua shingo kutoka kwenye mto. "Hivi hivi vipi? Mimi gunia la mkaa? Nilimshukuru."

"Ulimshukuru, mama! Watu wa siku hizi hawashukuru."

"Hao wa siku hizi. Mimi nilipanda treni Munisagara na kuku wangu wawili. Mmoja wa mzazi," akaashiria binti yake, aliyekuwa akinyonyesha kwenye mkeka, "mwingine wa njiani. Nilijua kuna mtu atanibeba kutoka Kilosa, na mtu huyo hatanibeba mkono mtupu."

"Jogoo?"

"Jogoo wa nini? Tetea. Tena anataga."

"Basi umewashinda matajiri." Akacheka, shangazi akacheka, binti naye akacheka hadi mtoto akaachia titi. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, msomi, ulitoa nini?"

"Sikutoa kitu. Nilisaidia kupakia."

"Umeona, mama? Wasomi ndio wanaopanda bure."

Shangazi alinitazama kwa aibu ya kweli, kana kwamba nimekutwa nimevaa shati la mtu. "Huyu nitamsemesha baadaye," akasema. Wakati wa kucheka kwetu kalamu ya bwana yule haikuwa imesimama. Alisema maelezo yangechapwa, naye angerudi mama ayasikilize na kuweka dole gumba. Akavaa viatu vyake taratibu, akaaga kila mtu, hata mtoto.

Siku iliyofuata nilipanda basi kwenda Morogoro. Wakili niliyeelekezwa alikuwa na chumba juu ya duka la vipuri. Aliusoma mkataba wa bima, nakala niliyopewa na jirani, akasoma tena ukurasa mmoja.

"Dereva amesema nini?"

"Kwamba hakupokea kitu."

"Na shangazi yako?"

"Kuku."

"Kuku huyo yu hai?"

"Yu hai. Alipona ajali."

"Ingekuwa afadhali asingepona," akasema, wala hakuwa anatania.

Akanifafanulia. Bima ile ilimlinda abiria aliyepewa lifti. Abiria aliyelipa haikumjua kabisa, maana gari linalobeba watu kwa malipo linakatiwa bima nyingine, ya ghali zaidi. Malipo si lazima yawe noti. Zawadi si malipo, hata iwe ya ng'ombe. Lakini kitu chochote ambacho bila hicho safari isingekuwapo ni nauli, hata kiwe kuku. "Watakuwa na swali moja tu," akasema. "Bila yule kuku, mama angepanda? Kama angepanda, mlipwe. Kama asingepanda, msihangaike kuja hapa tena."

Njia nzima ya kurudi, basi likikatisha mbugani na abiria wote wakitazama twiga upande wa kushoto, mimi nilikuwa Kilosa, kwenye kivuko cha reli, siku ya ajali. Jirani ameshusha kioo. Anasema, "Mama, bakia na kuku wako, mimi nakwenda huko huko hata usipokuwapo." Shangazi anasema, "Mpokee, mkono umechoka kumshika." Anakataa tena, anacheka, anawasha gari. Shangazi anampitisha kuku dirishani, anamweka mapajani pa dereva, ndipo anapanda. Au ameshapanda mguu mmoja, ndipo anampitisha? Niliyaona yote mawili, wazi kabisa, na vumbi lile lile. Jambo moja tu halikuwa na shaka, kwa sababu walilisikia wote waliotukimbilia: shangazi akiwa chini majanini, mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii, alimnyooshea kuku kidole na kusema, "Huyo mwenye madoadoa ni wa dereva. Mpeni." Kuku wa mzazi alikuwa amekufa. Wa njiani alikuwa anadonoa.

Kabla ya bwana wa bima kurudi, alikuja mke wa jirani. Alishuka kwenye basi la Kilosa na kikapu, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wangu anaendeleaje?" Ndivyo shangazi alivyomwita yule dereva kwa utani tangu zamani.

"Hajambo. Bega tu. Mama, amesema nimrudishe huyu."

Kuku alitoa kichwa kikapuni.

"Amewakosea nini?"

"Hajatukosea. Anataga vizuri." Akakirudisha kichwa cha kuku kikapuni. "Watu wa bima wamemwambia kama alibeba watu kwa malipo atafikishwa mahakamani na pikapu itazuiwa. Anasema, mama, ukimpokea itakuwa kama hakutolewa."

Shangazi akakitazama kikapu. "Na mayai?"

"Mayai gani, mama?"

"Mliyokula. Nayo umeyaleta?"

Hakuna aliyecheka. Lori lilipita, vyombo vikatetemeka, vikatulia.

"Mwanangu, nimekuelewa," shangazi akasema kwa upole. "Mwambie sina neno naye. Lakini nikimpokea huyu, nitakuwa nilipanda gari la mtu kama mwizi, halafu nikavunjika bure."

Yule mama aliondoka analia, akamwacha kuku amefungwa uani. Shangazi alikataa asiguswe wala asihesabiwe kuwa wetu. Binti yake alimtupia pumba kwa kujiiba. Mimi nilikaa kandoni mwa kitanda nikaanza kueleza. Nilimweleza alichosema wakili, chote, na kwa kuogopa kwamba hatanielewa nilikieleza upya kwa mfano wa ng'ombe. Nilimwambia hatakuwa amesema uongo: dereva alikataa kuku mara mbili, kwa hiyo ile ilikuwa zawadi. Akiulizwa kama angepanda hata bila kuku, aseme ndiyo. Nilimkumbusha daktari. Nilimkumbusha mguu.

"Nimesikia, baba," akasema. "Wewe unadhani nimeumia na masikio?"

"Basi utasema hivyo?"

"Niletee maji ya kunywa."

Nilimletea. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe, akageukia dirishani. Sikujua kama nilikuwa nimejibiwa.

Bwana wa bima alirudi siku ya mvua. Akavua viatu, akaamkia, akapewa kiti kile kile. Kupitia mlango wa uani alimwona kuku amejikunyata chini ya ukingo wa bati.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Sasa ni wa nani?"

"Wa dereva," shangazi akasema. "Huku kaja kutembea."

Alicheka kwa dhati, akafuta macho. Nikaomba niseme nilichokiona. Nilikisema vizuri, nilikuwa nimekifanyia mazoezi. Dereva alikataa mara ya kwanza, nikataja maneno yake. Alikataa mara ya pili, nikataja maneno yake. Suala la nini kilitangulia kuingia garini, kuku au mguu, nililiacha, kwa kuwa sikulijua. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mkoba, bila kuandika neno.

"Mama, msomi amesema kweli?"

"Kweli tupu. Alikataa, kijana wa watu. Ana malezi."

"Tuseme basi angekataa mara ya tatu. Angepandisha kioo kabisa. Ungefanyaje?"

Swali lilikuja kama alivyosema wakili, ila limevaa nguo za nyumbani. Lori lilikuwa likipanda kutoka upande wa mbugani, nami nikatamani lisifike, au lifike lisiishe kupita. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ananitazama mimi, si yule bwana, na katika macho yake niliona kwamba alikuwa ameelewa kila kitu tangu mwanzo, hata mfano wa ng'ombe. Lori likapita. Vyombo vikatulia.

"Nisingepanda," akasema.

"Hata mzazi akikusubiri?"

"Ningetembea."

Bwana wa bima aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa pole. Alimshikia kidau cha wino mwenyewe, akamwongoza dole gumba, akampangusa kwa leso yake. Mlangoni, akifunga kamba za viatu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Nilimpa nafasi." Nami naamini alimpa.

Kampuni ilikataa madai kwa barua fupi. Jirani hakushtakiwa, waliishia kumfutia bima, na pikapu ikakaa nyuma ya nyumba yake hadi magurudumu yakazama. Mfupa ulijiunga ulivyotaka wenyewe. Shangazi alipoweza kusimama kwa fimbo, jambo la kwanza alilonituma ni kumfungua kuku uani na kumpeleka Kilosa kwa mwenyewe, pamoja na salamu.

Habari zilikuwa zimeenea kwa madereva wote wa njia ile. Hawakuacha kumhurumia, walikuwa wanasimama, wanateremsha kioo nusu: "Panda, mama, lakini hatupokei kitu." Naye anawashukuru, anawapungia mkono wapite.

Nilifuatana naye siku moja kutoka stesheni ya Kilosa kwenda nyumbani kwetu. Alichukua muda mrefu kwa kila kipande cha barabara, fimbo mkono mmoja, kuku mwingine wa njiani mkono wa pili, mguu ukichora mstari vumbini. Nyuma yetu gari lilipunguza mwendo. Shangazi hakugeuka. Alisimama, akaniachia fimbo nimshikie, akamhamishia kuku kwenye mkono ulio upande wa barabara na kumlaza mabawa vizuri.

Gari lilifika usawa wetu. Kioo kilikuwa kimefungwa hadi juu.