Baba Mkwe na Mlango wa Friji

Nilipoolewa nilimwomba mume wangu kitu kimoja tu: nyumba. Sikutaja vigae wala madirisha ya aluminiamu. Nyumba. Mwaka wa pili wa ndoa akarudi nyumbani lori lake likivuta gari jeupe refu lenye mapazia madirishani. Wazungu waliokuwa wakizunguka nalo Afrika nzima walikuwa wamefiwa na injini hapahapa Tunduma, wakachoka kusubiri spea, wakaliuza na kwenda zao. Ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, sinki, jiko dogo la gesi na friji.

"Si ulisema nyumba," akaniambia, amesimama kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

"Nyumba gani ina usukani?"

Siku tatu sikumsemesha. Yeye ni dereva wa malori ya Kongo, kwa hiyo siku tatu kwake si adhabu kubwa, alishazoea kukaa bila kusemeshwa. Gari likawekwa kwenye kiwanja chetu Chapwa, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na tangu siku hiyo halijasogea hata hatua moja. Majirani wakaliita nyumba ya matairi. Mimi nilikataa kulala humo. Tukabaki kwenye chumba chetu cha kupanga, upande wa pili wa uzio.

Lakini friji lilikuwa zima. Nikavuta waya wa umeme kutoka chumbani, nikaanza kugandisha maziwa mtindi na kuwauzia madereva wa kwenye foleni. Wazambia wananiita "mayo", mama, wanapiga glasi mbili na kuondoka wakijifuta sharubu. Baada ya miezi michache nikawa nalitetea lile gari kuliko mwenye kulinunua, ingawa yeye sikumwambia. Mwanamume ukimpa ushindi mmoja, kesho anakuletea meli.

Basi ikaja oda ya Vwawa. Kina mama wa kanisani kwa mama yangu mzazi walikuwa na sherehe ya kipaimara siku ya Jumapili, wakataka mtindi lita thelathini. Mama ndiye aliyenipigia debe. Aliwaambia wenzake, nasikia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, kwamba binti yake ana friji la kizungu na mtindi wake hauna mfano. Nilikuwa na madumu sita ya lita tano tano, yote yameshaganda vizuri. Yalihitaji baridi tu mpaka Jumapili. Bila baridi yangechachuka hadi kumtoa mtu machozi, na mama yangu angeaibika mbele ya kina mama ambao amekaa nao benchi moja miaka ishirini.

Alhamisi mchana nilivuta mlango wa friji, ukaja wote.

Bawaba ya chini ilikuwa ya plastiki, nayo ilikuwa imekatika kabisa. Mlango ukaning'inia kwa bawaba ya juu kama jino la mtoto. Nikampigia mume wangu, alikuwa Kapiri Mposhi.

"Umevunja friji," nikamwambia.

"Mimi? Mke wangu, mimi niko Zambia."

"Ulivyolifungua wiki ile, kwa nguvu kama unafungua kontena."

"Funga na mpira."

Kwa mume wangu kila kitu kinafungwa na mpira. Bomba, bampa, kitanda. Nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, mlango ukaacha upenyo wa vidole viwili, na friji likaanza kutoa jasho. Fundi wa mafriji wa pale mjini akaja, akachungulia, akasema spea ya hicho kitu ipo Ulaya, akaomba glasi ya mtindi, akaondoka.

Jioni mume wangu akapiga tena. "Nimepata fundi. Nipimie hiyo bawaba."

Nikapima kwa rula yangu ya sekondari. Yeye akampigia huyo fundi kumpa vipimo. Aliponipigia tena, ndipo nikamuuliza ni fundi gani huyo.

"Mzee wangu," akasema, akakata simu.

Hapa lazima nieleze. Mume wangu ni Mndali wa Ileje, mimi Mnyiha wa Mbozi. Kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima. Hawaingii chumba kimoja, hawapeani mikono, hawasemezani ana kwa ana. Akitokea njia hii, wewe unaingia kwenye majani. Miaka mitatu nimeolewa, na baba mkwe wangu namjua kwa kikohozi na kwa visigino. Ni fundi mkubwa wa mageti, hilo nakubali. Lakini ndani ya nyumba ya matairi ujia una upana wa mtu mmoja na nusu, na friji limekaa katikati.

Ijumaa saa nne asubuhi nikasikia kikohozi nyuma ya uzio. Nikajitupa nyuma ya tangi la maji, mwanangu wa miezi minane mgongoni.

"Mjukuu wangu, hujambo," sauti ikasema. "Mwambie mama yako nimefika."

Hiyo ndiyo njia inayoruhusiwa: kumsemesha mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa anatafuna ukosi wa blauzi yangu.

"Mtoto, mwamkie babu," nikasema. "Mwambie karibu, gari liko wazi."

Jirani yangu, mwanamke wa Tanga mwenye duka la vinywaji, alikuwa ameegemea uzio akitutazama kama sinema.

"Shoga, kwetu baba mkwe nampakulia chai na tunataniana."

"Na kwetu pia. Lakini mimi nimeolewa huku. Njoo umshikie mlango."

Akaja, kwa sababu hakutaka kukosa. Mzee alikuwa ameshatengeneza bawaba mpya ya chuma, ameichomelea kabisa, kilichobaki ni kutoboa na kukaza. Mlango lazima mtu aushikilie sawasawa wakati yeye anafunga chini. Jirani akashika. Nilikuwa nje chini ya dirisha, nikamsikia akicheka peke yake. Mara dereva mmoja akaita dukani kwake anataka katoni mbili za soda, na jirani yangu kwa biashara hana mchezo. Akaachia. Mlango ukatua kwenye goti la mzee.

Hakupiga kelele. Akasema polepole tu, "Mjukuu wangu, hapa hapana mtu mwingine?"

"Mtoto, mwambie babu hapana."

"Mwambie mama yako bila mtu wa kushika, bawaba haikai."

Nikayafikiria madumu yangu sita. Nikamfikiria mama na sauti yake ya sokoni. Nikasema, "Mtoto, mwambie babu atoke kidogo asimame nyuma ya gari. Mama ataingia kwanza, atajifunika, atageukia kitandani."

Nikasikia nyundo ikiwekwa chini. Kisha nikaviona visigino vinazunguka kwenda nyuma.

Nikachukua kitenge changu cha Lubumbashi, cha njano na bluu, zawadi pekee ambayo mume wangu amewahi kuniletea bila kukumbushwa. Nikajifunika kichwa mpaka chini, mtoto akiwa humohumo mgongoni. Nikaingia, nikapita friji, nikaugeuzia ujia mgongo, nikaushika mlango kwa mikono iliyopinda kwa nyuma, kama mtu anayetiwa pingu. Kisha nikakohoa mimi. Mzee akaingia, akachuchumaa.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba naye alikuwa amegeuza uso pembeni. Hapo ndipo palipoharibika. Fundi wa miaka yote hiyo alifanya kazi yote kwa kupapasa, akitazama mlango wa gari, ili asije akamwona mkwe wake. Na mkwe wake alikuwa gizani ndani ya kitenge, anaona vidole vyake vya miguu tu.

"Mjukuu, mwambie ainue kidogo."

"Mtoto, mwambie babu nimeinua."

"Mwambie ashushe. Hapo. Asipumue."

Mtoto akapiga chafya. Mzee akapitisha bolti, akakaza nati, kisha akaigongagonga ncha kwa nyundo ikawa bapa, isifunguke kamwe. Hivyo ndivyo anavyofanya kwenye mageti ya watu wenye wezi. Akafungua mlango wa friji, akafunga. Ulitoa mlio mzito, mzuri, kama wa gari jipya. Niliusikia mpaka tumboni.

"Imekwisha," akasema, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya gari. Ngazi ndiyo njia pekee ya kutokea.

Nikageuka niondoke, kichwa kikabaki. Nikavuta, friji zima likaguna. Nikainama kupapasa, nikakuta upindo wa kitenge umeingia katikati ya bawaba na fremu, bolti imepita ndani yake.

Ningeweza kukivua, ndiyo. Lakini ningetokaje, kichwa wazi, na baba mkwe ameketi mlangoni? Na yeye hakuweza kuondoka, kwa sababu mgeni aliyetoka Ileje na kufanya kazi haondoki bila chai, na chai ilikuwa juu yangu. Tukakaa hivyo. Nikasikia anajikuna. Nikasikia lori linasogea kwenye foleni, linazima tena.

"Mjukuu wangu," akasema mwishowe, "mwambie mama yako babu haoni moshi jikoni."

Uvumilivu ukaniisha. "Mtoto, mwambie babu yako amemfunga mama yako kwenye friji."

Kikatoka kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kiliendelea kwa muda, ngazi ikitikisika, mpaka na mimi nikajiziba mdomo kwa kitenge kilekile. Mtoto ndiye pekee aliyebaki na adabu.

Alipotulia akasema, "Mwambie bolti ile haifunguki. Ni ya kukata. Na nyingine ya saizi ile iko Ileje. Nikiikata leo, nitarudi kesho jioni."

Kesho jioni maziwa yangekuwa siki. Sikufikiri mara mbili, ingawa roho iliniuma. "Mtoto, mwambie babu alete kisu."

Akaniletea kipande cha msumeno wa chuma. Alikipitisha juu ya bega lake, mkono kinyumenyume, uso wake barabarani, na mimi nikakipokea nikiwa nimeutazama ukuta. Nikakikata kitenge cha Lubumbashi kuizunguka bolti, nikitukana kimoyomoyo chuma, plastiki, Ulaya na mume wangu kwa zamu. Mzee akazunguka nyuma ya gari, nikatoka nikakimbilia jikoni.

Chai nilimwekea juu ya jiwe, pamoja na viazi na glasi kubwa ya mtindi. Nikarudi nyuma ya tangi. Alikula chote. Kabla ya kuondoka akauinua mfuko wake wa vifaa, akasema kwa sauti ya upole sana:

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako ile bawaba haikuvunjwa na baba yako. Plastiki inaonyesha imelemewa siku nyingi. Kuna mtu alikuwa anaweka dumu la lita tano mlangoni."

Ndani ya friji yanaingia madumu matano. La sita nilikuwa naliweka mlangoni, kila siku, tangu nianze biashara. Na usiku mzima nilikuwa nimemtumia mume wangu ujumbe wa matusi mpaka bando likaisha.

"Mtoto," nikasema, sauti imepungua kidogo, "mwambie babu asimwambie baba."

Visigino vikasimama.

"Mjukuu wangu, mimi na wewe hatujaona dumu lolote."

Akakohoa, akaenda zake.

Jumapili mtindi ulifika Vwawa ukiwa umekaza na mtamu, madumu yote sita, la sita likiwa limelala baridi kwenye sinki la maji kwa sababu mlangoni siweki kitu tena. Kina mama walikomba vikombe. Mama yangu alizunguka ukumbi akiwauliza watu kama wameonja, hata waliokuwa wanaonja mbele yake.

Mume wangu alirudi wiki iliyofuata. Akaufungua mlango wa friji, akaufunga, akaufungua, akatikisa kichwa kwa ajili ya kazi ya baba yake. Kisha akaona kipande cha njano na bluu kikichungulia kwenye bawaba.

"Hiki si kile kitenge cha Lubumbashi?"

"Ndicho."

Akaingiza ukucha akitaka kukinyofoa. Nikampiga kofi mkononi.

"Acha. Kinazuia chuma kisicheze."

"Mzee ndiye aliyekiweka?"

"Kamuulize mtoto," nikamwambia.