Daktari Aliyeuliza Ukuta

Mtoto wa dada yangu nilimbeba mgongoni, nikamtawaza, nikamchapa alipokula udongo. Kwa hivyo siku alipokuja kitandani kwangu, hospitali kuu ya mjini, kavaa koti jeupe linalomfika magotini, nilicheka. Nilicheka na huku nnaogopa kufa.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi. Madaktari wengi wa zamani walikuwa washaondoka, wakaja Wachina, na vijana wetu waliomaliza skuli wakawa wanafundishwa udaktari papo hapo wodini, juu ya miili yetu. Matibabu yalikuwa bure. Lakini ukienda na jino moja, kinywa chako kitachunguliwa na darasa zima.

Mimi sikwenda na jino. Nilikuwa na mimba ya miezi minane na damu ilikuwa inanitoka. Tena damu isiyouma. Ingeuma ningepiga kelele, nikajua nnapigana na nini. Nilikuwa nshazika watoto wawili, na huyu niliapa simziki.

Pembeni yangu alikaa mama mkwe, kaja kutoka Fumba na chupa ya uji wa pilipili manga kaipakata kama mtoto. Bibi yule alikuwa na amri zake. Mimba ilipofika mwezi wa saba alimwambia mwanawe, mbele yangu, atandike jamvi lake ukumbini. "Chumba hiki sasa cha wawili tu, huyu na aliye tumboni," alisema. Mwanawe akaitikia, "Naam, mama." Naam hiyo ilidumu mpaka mama aliporudi shamba.

Basi akaja mwalimu wao, mwanamke wa Kichina, mfupi, mikono midogo kama ya mtoto wa chuo cha Kurani. Kiswahili chake kilikuwa "pole" na "lala". Yaliyobaki alimwambia mwanafunzi kwa Kiingereza, na zamu siku ile ilikuwa ya mwanangu huyu. Mwalimu keshavaa glavu mkono mmoja, anataka kunipima kwa ndani. Kwanza akauliza jambo. Kijana akanitafsiria.

"Mama mdogo, inauma?"

"Haiumi."

Yule mwalimu akasema tena, maneno mengi zaidi. Kijana akageuka akatazama ukuta. Nakwambia alitazama ukuta kama unaandikwa.

"Mama mdogo... bibie anauliza... kabla ya damu... baba mdogo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Kwani anakaa wapi pengine?"

"Siyo hivyo. Alikuwepo... karibu?"

Hapo nikafahamu. Nikamtazama mama mkwe. Naye ananitazama, chupa kaibana.

"Hapana," nikasema. "Analala ukumbini."

Kijana akautafsiria ukuta, ukuta ukampa mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akavuta stuli karibu, akaweka mkono wa glavu kwenye goti langu. Nikaona mguu wa mama mkwe unapiga sakafu.

"We mtoto wa watu!" akaniambia. "Tumbo lote hilo, unadhani mie nnadhani mtoto aliingia dirishani? Mwanangu namjua, hajapata kulala ukumbini hata alipokuwa na surua. Sema kweli, nataka mjukuu mie!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mimi nikajifunika kanga usoni, nikasemea humo ndani:

"Ndiyo. Alikuwepo. Asubuhi yake ikaja damu. Na mwezi uliopita vilevile, nikanyamaza."

Kijana akalifikisha. Mwalimu akasimama pale pale, akavua glavu, akaitupa. Hakunigusa. Akasema maneno mafupi mafupi, na watu wakaanza kukimbia na kitanda changu.

Mtoto wa dada yangu sasa kauacha ukuta. Akaichukua ile chupa ya uji mikononi mwa bibi, akatuonesha kifuniko.

"Mama mdogo, kondo lako la nyuma limekaa mlangoni mwa kizazi, mbele ya mtoto, kama hiki. Mkono ukiingia kulitikisa, yote yanamwagika, wewe na yeye. Utapasuliwa sasa hivi. Tumewahi."

Tumewahi. Neno hilo nililala nalo waliponivika barakoa ya dawa ya usingizi.

Nilipoamka nilimsikia mama mkwe kabla sijamuona. "Msichana. Pua ya baba yake, masikini, lakini mapafu ya kwako. Kalia mpaka muuguzi kaziba masikio." Nikalia na mimi. Nililia mpaka mshono ukanikataza. Msichana huyo ndiye mama wa mjukuu wangu anayesomea udaktari sasa hapa hapa Unguja, na kama nshakwambia, nitakwambia tena.

Uji sikupewa. Kila siku bibi analeta, kila siku muuguzi anakataa, mpaka tumbo lililopasuliwa lifunguke, lianze tena kazi. Siku moja mtoto wa dada yangu akaja, koti lake lile lile, akasimama mbele ya kitanda. Nikajua ana la kuuliza. Nikatazama ukuta, nimtangulie.

Lakini yeye alinitazama mimi, usoni, sauti juu:

"Shikamoo, mama mdogo. Ushajamba?"

"Haya," akasema mama mkwe, "sasa huyu daktari."

Nikacheka, mshono ukaniuma, nikacheka tena, na jibu likatoka lenyewe bila ya mimi kufungua mdomo. Bibi akafungua chupa.